Mti Uliovishwa Pete

Jumanne, 12 Novemba. Mawingu yamekaa juu ya vilima vya Kasikeu tangu asubuhi. Mvua imenyunyiza kidogo ikaenda zake.

Shamba lote limeshika majani, lakini mti wetu mchungu unayaangusha.

Binti yetu anasoma kemia chuo kikuu. Ganda la mti huu hapa tunalitafuna kwa homa. Wengine hupona, wengine hapana, nisiseme uongo. Ndani yake kuna kitu kidogo sana chenye umbo la pete, na yeye na wenzake wa chuo wanataka kukitengeneza kwa kuiga mti. Nilivyoelewa, na labda nimeelewa vibaya, mti huchukua kitu kama uzi, ukaukunja polepole mpaka mkia ukutane na kichwa. Kwa chupa zao mkia unashika uzi wa jirani, wanapata fundo tu. Ndiyo maana alihitaji ganda bichi kila msimu, aone mti unafungaje.

Alimpigia simu baba yake, Nau kama tunavyosema kwetu: "Nau, nitolee ganda kidogo, tunatafuta ile pete."

Mzee wangu akachukua panga, akatoa pete. Alizungusha shina lote. Desturi yetu ni kubandua upande jua linapotoka na upande linapotua, katikati unaacha. Anaijua kuliko mimi. Lakini mtoto wa chuo amesema pete, nani angebisha?

Jirani alitucheka kutoka ng'ambo ya ua: "Mzee amevisha mti pete! Harusi lini?" Tukacheka pia.

Leo binti amefika kutoka Kitui, alikoenda kutafuta mti mwingine baada ya kusikia wetu unaangusha majani. Huko alikuta visiki na magunia ya makaa. Siwalaumu wachomaji, nao wana watoto shuleni. Amepitisha kidole kwenye kidonda cha mti wetu mpaka kikarudi kilipoanzia.

"Nau, pete ni ya ndani. Haionekani kwa macho."

"Si ulisema pete?"

"Nilisema."

"Tumepaka mavi ya ng'ombe, tukafunga na gunia."

"Mmechelewa. Chakula cha mizizi kilikuwa kinapita hapo."

Nikamuuliza kama wanaweza kuendelea bila mti.

"Mwaitu, mama yangu, mti ule ndio ulikuwa mwalimu wetu. Sasa tutaiga nini?"

Hata hili ninaloandika sijui kama linasaidia mtu.

Jioni nimepika muthokoi, mahindi yaliyokobolewa, na maharagwe. Binti amemsogezea baba yake sahani: "Kula, Nau." Hakugusa. Tumekula sisi wawili, yake nimeifunika.