Jina la Mkwe Wangu

Ipo siku moja naikumbuka kila nikipita karibu na bandari na kusikia winchi ikinguruma, mwanangu. Mwili hunisisimka mpaka leo, na mama yako akiniona nimeduwaa njiani hunishika mkono bila kuuliza. Jumatatu unaanza kazi kwenye kampuni ambayo wakubwa wake wako nchi mbalimbali, mtaonana kwenye kompyuta tu. Umefurahi, nami nimefurahi. Lakini nina hofu, na sitaki uanze bila kuijua.

Wakati ule nilikuwa kijana, nimemwoa mama yako karibuni, nawe ulikuwa tumboni. Wageni walikuja Msimbati na kazi ya gesi, nikapata kibarua cha kumpa ishara mwendesha winchi: inua, shusha, simama. Baba yake mama yako, mkwe wangu, aliacha mikorosho yake kwa muda akaajiriwa palepale uwanjani, kupanga magogo ya kulazia mabomba. Jina lake silitaji. Unajua kwetu mkwe hatajwi jina, na ingawa ametangulia mbele za haki, mdomo wangu bado unaliogopa.

Meneja wetu alikuwa mgeni, mtu mrefu mwenye haraka, aliyetaka tumwite Erik basi, bila bwana wala nini. Wenzake walitoka nchi hii na ile, na wote wakiitana majina kama watoto waliokulia mtaa mmoja. Akaamuru majina yetu yaandikwe kwa rangi kwenye helmeti, na kila mtu amwite mwenzake kwa jina.

"Hapa hakuna mzee wala mkubwa," alisema kupitia mkalimani. "Hatari ikitokea, mtu hugeuka upesi akisikia jina lake."

Sisi tukaitikia ndiyo, ndiyo. Erik akaondoka akijua tumekubali. Wapi! Tuliitikia tu ili tusimvunjie heshima. Kesho yake tukaendelea na shikamoo zetu, mkwe, mjomba, shemeji, na hakuna aliyeona kosa.

Basi siku hiyo bomba lilikuwa juu, na mkwe wangu alikuwa ameinama chini yake akisogeza gogo. Hakupaswa kuwa pale. Nikauona mkanda ulioshika bomba unaachana nyuzi. Nikampa ishara mwendesha winchi asimame, akasimama, lakini nyuzi ziliendelea kukatika. Nikapiga kelele, "Mkwe!" Wakageuka wengine, maana Msimbati kila mwanamume ni mkwe wa mtu. Yeye hakugeuka. "Mzee!" Nusu ya uwanja ikanitazama. Yeye bado ameinama, injini inanguruma, na mimi nalitazama jina lake limeandikwa kwa rangi nyeupe kwenye helmeti. Mwanangu, sijawahi kuogopa vile. Niliogopa bomba, niliogopa na jina, na sijui kipi kilinitisha zaidi.

Nikalitaja. Nililitoa kwa nguvu zangu zote, naye akaruka kama aliyekanyaga moto. Bomba likaanguka, likaliponda lile gogo. Vumbi lilipotulia alikuwa amekaa mchangani, ananitazama. Akavua helmeti, akaenda zake nyumbani.

Siku zilizofuata alikuja kazini akawa ananipita kimya. Salamu yangu aliijibu kwa kichwa. Nikajua nimekwisha. Atakuja kumchukua binti yake, amrudishe kwao na mimba yake. Nikisikia hodi mlangoni moyo unanipasuka. Mama yako nilimficha, nikamwambia nina homa.

Erik yeye alikuwa na furaha zake. Asubuhi moja akatukusanya, akanisifu mbele ya watu kwamba nimeonyesha mfano. Halafu akanishika bega, akataka nimsalimie mkwe wangu kwa jina, wote wasikie. Nikawaza kazi, nikawaza mtoto anayekuja. Nikamsalimia kwa jina. Watu wakainamisha macho. Mkwe wangu akatazama pembeni, na jioni akaniita kwake.

Nilikwenda. Alikuwa barazani anamenya muhogo. Akanikaribisha, akaendelea kumenya.

"Siku ile uliponitaja, niliruka nikaishi," akasema. "Nimekuwa kimya kwa sababu mikono inanitetemeka hadi leo, nikaona haya uione." Akainua kisu, na kweli kilikuwa kinacheza mkononi. "Lakini leo umenitaja kwa nini? Kulikuwa na bomba gani juu ya kichwa changu?"

Nikaokota ganda la muhogo lililoanguka chini.

"Ukilizoea jina langu kila asubuhi, siku bomba likianguka utaniitaje nishtuke?" Kisha akanisogezea vipande vya muhogo. "Haya, mpelekee mwenzio. Mwambie baba yake mzima."

Nilitoka pale nikilia njia nzima, wala sioni aibu kukwambia.

Kesho yake nilimfuata Erik, nikiwa na mkalimani. Nilikuwa na hakika atanifukuza. Nikamweleza kwamba ile ndiyo yetu haikuwa ndiyo. Nikamwambia kwenye hatari tutaitana majina, hata mtu na mkwewe, lakini kwenye salamu atuachie heshima zetu. Aliuliza maswali mengi, akakuna kichwa, na kilichomuuma ni kwamba hatukumwambia tangu mwanzo. Akakubali. Tena akajifunza shikamoo, akawa anamwamkia kila mtu, hata mimi niliyekuwa mdogo kwake, watu wakacheka mpaka machozi.

Sasa nakuogopea wewe. Juzi Bibi Somoe wa jirani aliingia hapa kwetu Chuno, nawe una vile vidude masikioni, ukamwambia "Mambo, Somoe," ukaendelea na kompyuta yako. Bibi wa watu alibaki na mkono hewani. Hiyo ni hofu yangu moja. Ya pili ni kubwa zaidi, maana nakujua ulivyo na haya. Naogopa siku utamwona mkubwa wako, huko nchi aliko, anakosea, nawe utaitikia ndiyo, kisha kitu kimwangukie mtu asiye na habari.

Kwa hiyo nakuusia. Wakitaka uwaite majina, waite, kwao si tusi. Usiseme ndiyo ukiwa na hapana moyoni, iseme mapema na kwa upole, lakini iseme. Ukiona hatari usipoteze muda kutafuta maneno mazuri. Na ukishafunga kompyuta, rudi uwe mtoto wa hapa, uamkie watu.

Jina la babu yako tulikupa wewe. Umewahi kuniuliza kwa nini nakuita Babu au mwanangu tu, na sijakuita jina hata siku nilizokukasirikia. Huko kazini watakuita kila asubuhi, sawa, ndio utaratibu wao. Mimi nimeliweka akiba. Siku ukilisikia kwa sauti yangu, usigeuke kuniuliza. Ruka.

Mwenyezi Mungu akulinde na unachokiona na usichokiona, akupe ulimi usioogopa na uso wenye haya. Na mimi anijalie niondoke duniani sijapata haja ya kulitaja. Amin.