Makofi ya Kafutuma

Mimi Clotilde nimenunua samaki kwa Eneless tangu kabla ya vita vya kwetu Kongo, kwa hiyo asinifundishe mtu habari za kaka yake, Davison. Dada alianika samaki ufukweni mwa ziwa, karibu na Kafutuma, ili kaka asome sheria Lusaka. Akasoma, akafuzu, akawatumikia wenye migodi miaka mingi. Mwaka 1997 akarudi Nchelenge na gari la kampuni ya kugandisha samaki. Watu walifurahi. Nilifurahi hata mimi, mjinga.

Kampuni iliutaka ufukwe ule ule wa Eneless na wenzake. Davison akaitisha mkutano, akawaeleza masharti kwa Kibemba. Alipomaliza, akina mama walipiga magoti, wakampigia makofi taratibu. Kwa Wabemba hiyo ni heshima kwa mkubwa aliyesema. Kukubali ni jambo jingine, nalo huja baada ya maswali. Siku ile hakuna aliyeuliza. Mjomba, kaka wa mama, ndiye kinywa cha nyumba. Amesimama mbele yao, wamwulize nini tena? Walidhani anawasemea.

Kesi ya ufukwe ilipofika mahakamani, nilikaa na Eneless. Davison akamwambia jaji kwamba wenyeji waliridhia, hata wakapiga makofi. Kati ya wale wenye majoho, ni yeye tu aliyejua maana ya makofi yale. Eneless alinishika mkono mpaka ukauma. Kampuni ikashinda, ikazungusha seng'enge, na Davison akapandishwa cheo. Kikulacho ki nguoni mwako. Eneless akahamia kambi za wavuvi za kisiwa cha Chisenga pamoja na binti yake, Mable.

Mwaka uliofuata Mable alifariki huko kwa malaria. Niliumia kama niliyemzaa. Davison alikuja kwa boti akilia, na alilia kweli, sitamsingizia. Akaenda moja kwa moja kwenye mkeka wa wajomba wanaosimamia maziko, na wanaume wakasogea kumpisha.

Eneless akainuka. Tangu utoto wao ndugu hawa walisemezana kwa Kibemba tu. Kiswahili chetu ni cha sokoni, cha kumtajia bei mtu usiyemjua. Sasa akamwonyesha kakake mahali wageni wanapokaa, upande wetu wachuuzi, akamwambia kwa Kiswahili, polepole:

"Bwana, bageni banaikalaka kule."

Davison akatoka kwenye mkeka ule. Kisha akaja kukaa upande wetu wachuuzi, na Mable akazikwa bila mjomba.