Kisu cha Mjomba Rajabu na Shimo la Matumbo

Harufu ya ini bichi likikamuliwa ndimu hunirudisha Koboko, hata niwe wapi. Juzi nilikuwa Juba, nimeketi kwenye kibanda cha mama mmoja muuza chai, na jirani yangu wa mezani akaletewa sahani ya ini la mbuzi. Lilikuwa limekatwakatwa na kutiwa chumvi, pilipili na ndimu, bichi kabisa, bado linang'aa. Akanisogezea kwa ukarimu. "Karibu, mama." Nilimshukuru, nikabeba furushi langu la vitenge, nikaondoka na chai sikuimaliza. Pengine alidhani nina madaha. Sisi Wanubi tumelelewa kwa ini bichi. Mnyama akichinjwa, wanaume hulila palepale likiwa na joto lake, na watoto hupewa vipande vya mwisho walambe vidole. Mimi niliacha nikiwa na umri wa miaka tisa hivi, siku ya harusi ya binamu yangu. Nitawaambieni kwa nini, ila kama mnakula, malizeni kwanza.

Tulikuwa tunakaa Oli, pembeni mwa mji wa Arua, katika nyumba ya mjomba wangu Rajabu. Ilikuwa miaka ya sabini, wakati wa wanajeshi, na mtu aliyekuwa na shemeji mwenye magwanda alitembea kifua mbele hata kama hakuwa na kifua. Mjomba alikuwa na shemeji wa namna hiyo. Kazi yake mwenyewe ilikuwa uchinjaji, nyama ya kila siku sokoni na mbuzi wa sherehe za watu, lakini ungemsikia akiongea ungedhani yeye ndiye anayeamuru mvua inyeshe.

Kitu alichokipenda kuliko vyote, na hapo nawahesabu mke na watoto, ni kisu cha kukunja. Alikipata kwa mfanyabiashara wa Kongo aliyeapa kwamba kilikuwa cha Mbelgiji, na alitoa ndama jike ili akipate. Mpini wake ulikuwa wa pembe nyeusi, umezibwa kwa shaba pande zote mbili, na kilipofunguka kilitoa mlio mmoja mkavu, tak, uliowafanya watu wageuke. Ndiyo maana alikifungua mara kwa mara. Alimenyea machungwa, alichokolea kucha za miguu, alikatia nywele za puani, kisha akakifuta kwenye paja na kukatia nyama ya wateja. Hata kabla ya siku ile nilikuwa nimeanza kukitazama kile kisu kwa jicho baya.

Haboba, ndivyo tunavyomwita bibi, alimsumbua mwanawe kuhusu namna ya kukibeba. Marehemu mumewe alivaa kisu mkono wa kushoto, juu ya kiwiko, ndani ya ala ya ngozi ya mbuzi yenye mikanda miwili, na kanzu ikifunika juu. Wazee wetu waliotoka Sudan walivaa hivyo; ukikimbia, ukilala, ukivuka mto, kisu kiko na wewe.

"Hii kitu ya bei unatia kwa mufuko kama karanga," haboba alimwambia. "Siku moja itakuaga."

"Mama, hiyo mambo ya mukono ni ya zamani. Mimi nitembee kama mutu ya vita?"

"Tembea kama mutu iko na akili."

Mjomba alicheka tu, akakirusha kisu hewani, akakidaka, akakitia mfukoni.

Mtu mwingine wa kumjua ni Kalisto. Alikuwa ametoka Kongo na mkewe na mtoto mchanga, wakapanga chumba nyuma ya nyumba yetu, naye akawa msaidizi wa mjomba. Kwa kuwa alikuwa Mkristo hakuruhusiwa kuchinja. Mjomba alisema bismillahi, akapitisha kisu kikubwa shingoni, akanawa. Kazi yake iliishia hapo. Kuchuna, kupasua, kutoa matumbo na kuyamwaga, kubeba na kukata, yote yalikuwa ya Kalisto. Jioni alirudi ana damu hadi mabegani, akituimbia sisi watoto nyimbo za kwao huku mkewe akimmwagia maji. Tulimpenda. Namkumbuka kama mtu asiyejua kukunja uso.

Harusi ya binamu yangu huyo, binti wa Mjomba Rajabu, ilifanyika Koboko, kwa ndugu wa haboba, njia ya kuelekea Midia. Tulikwenda kwa lori, juu ya magunia, tukafika tumekuwa wekundu kwa vumbi kama matofali. Asubuhi ya harusi mbuzi waliletwa nyuma ya nyumba, na kando yake lilichimbwa shimo la kumwagia damu na uchafu wa matumbo. Mjomba alitoka amevaa kanzu mpya iliyoshonwa na fundi wa Arua, nyeupe hadi inaumiza macho. Mchinjaji gani huchinja kwa kanzu mpya? Lakini wakwe walikuwa wanatazama.

Alichinja. Kalisto akaanza kuchuna, akaomba kile kisu kidogo apasulie ngozi ya miguu, akapewa, akakirudisha. Ini la kwanza likatoka. Mjomba alilikata mwenyewe kwa kisu chake, tak, akasimama ukingoni mwa shimo akila vipande vilivyotiwa ndimu na kuwasimulia wakwe habari za Mbelgiji. Chini yake Kalisto alikuwa anamwaga matumbo: nyasi za kijani zilizosagika nusu, moto, zikitoa mvuke, na damu iliyoganda ikitikisika juu yake kama uji mzito. Mimi nilikuwa hatua chache kutoka hapo na wanawake, nageuza utumbo na kuusugua. Nzi walikuwa wengi mpaka tukaongea kwa meno yaliyofungwa.

Shimo lilipojaa, watu walitupia udongo kidogo juu kwa sababu ya nzi. Baadaye mjomba aliitwa akakatie wazee wa bwana harusi kidari. Akapeleka mkono ubavuni. Akapeleka tena. Akajipapasa kama mtu aliyeingiliwa na siafu.

"Kisu yangu iko wapi?"

Kila mtu alitazama chini. Majani yalifunuliwa, magunia yakapinduliwa, tukaambiwa tusimame tukung'ute nguo. Kisha mjomba akamgeukia Kalisto, na sauti yake ikabadilika ikawa ile ya sokoni.

"Wewe ulishika mara ya mwisho."

"Nilikurudishia, mzee. Ukakatia ini."

"Nani aliona? Mutu ya Kongo, ninakupa nyumba, ninakupa kazi, na unaniibia mbele ya wakwe yangu?"

Waliomwona akikatia ini walikuwa wengi. Walikuwa na mafuta ya ini bado midomoni. Hakuna aliyefungua mdomo, kwa sababu shemeji wa mjomba alikuwa ameshainuka kwenye kiti chake. Tulimwita Afande tu. Alikuwa amekuja na gari la jeshi, miwani myeusi, na tabasamu la mtu ambaye hajawahi kungoja chochote. Aliokota kamba ya mbuzi, ikiwa bado ina damu na manyoya, akamfunga Kalisto mikono kwa nyuma taratibu, kama anamsaidia kuvaa shati.

"Shemeji, usiharibu harusi yako kwa kelele. Mimi nitatembea naye kidogo kwa gari. Akirudi atakumbuka."

Hata sisi watoto tulijua maana ya kutembea kidogo kwa gari. Waliotembea hivyo hawakurudi na kumbukumbu wala bila kumbukumbu. Kalisto alimtazama mjomba. Hakulia. Alisema tu, "Mzee, mtoto yangu iko mudogo," na mjomba akatazama pembeni, akijipapasa bado. Nawaambieni, hicho ndicho kilichonipanda kooni kwanza, kabla ya shimo: mtu anapelekwa kufa, na yule anayempeleka bado anatafuta mfuko wake.

Ndipo haboba akatoka ndani. Alikuwa amelala, kanga imemkaa vibaya, na mkononi ameshika suruali ya kijivu. Aliinua ile suruali juu mbele ya wakwe wote, kama mtu anayenadi nguo sokoni.

"Rajabu! Hii suruali yako nimelalia kichwa tangu asubuhi. Sasa wewe ndani ya kanzu umevaa nini?"

Wanawake waliguna ndani ya kanga zao. Mjomba akasema kwa sauti ndogo kwamba amevaa shuka, kwa sababu ya joto.

"Basi kisu ulitia kwa mufuko gani?"

Wasiovaa kanzu niwaeleze. Kanzu ile haikuwa na mfuko ubavuni. Ilikuwa na mpasuo tu, wa kupitisha mkono ufike kwenye mfuko wa suruali ya ndani. Mjomba, kwa mazoea yake, alipitisha kisu kwenye mpasuo na kukiachia, na ndani hakukuwa na suruali. Haboba alimsogelea, akaingiza mkono wake uliokunjamana kwenye ule mpasuo mpaka kiwiko, akauchezesha ndani, vidole visipate mfuko wowote. Kisha akanigeukia mimi.

"Zenabu, mjomba yako alikula ini akiwa wapi?"

Afande alikuwa amevua miwani na kunitazama. Nilinyoosha kidole kuelekea shimoni.

Mjomba akakohoa. Akasema, kama bwana mkubwa anayetoa sadaka, "Haya, mfungulie. Kalisto, ingia utoe."

Kamba ikafunguliwa. Kalisto akatazama shimo, akatutazama sote tuliomzunguka, akainua mikono yake miwili, akaiweka juu ya kichwa, akapishanisha vidole.

"Hapana, mzee. Mimi siingizi mukono. Chimba wewe."

Sikuamini masikio yangu. Mtu huyu alikuwa ameshinda ndani ya matumbo ya mbuzi toka asubuhi, kila siku ya maisha yake alikuwa humo, na leo anaona kinyaa? Watoto wenzangu wakaanza kucheka, "Kalisto anaogopa mavi ya mbuzi!" Shangazi mmoja alimkemea ashushe mikono, hapa ni harusi, si matanga, maana kwetu anayeweka mikono kichwani ni aliyefiwa. Hakuishusha. Jasho lilimtiririka hadi machoni na hakulifuta.

"Mutu amesema chimba," haboba alimwambia mwanawe. "Ama unangoja mama yako aingie?"

Mjomba akapiga magoti kwa ile kanzu. Alijaribu kwanza na fimbo, fimbo ikazama tu. Akakunja mkono wa kanzu, akaingiza vidole, akaingiza kiganja, kiwiko, bega. Jua lilikuwa limepika lile shimo. Gamba la juu lilipopasuka ilitoka harufu ambayo sina jina lake, chachu na joto na utamu wa damu vikiwa pamoja, na viputo vikapanda vikapasuka karibu na shavu lake. Alitapika ini lake lote mle mle, kisha ikambidi atafute upya ndani ya alichotapika. Wakwe walirudi nyuma, pua ndani ya vilemba. Mikono ya Kalisto ilibaki pale pale kichwani.

Hatimaye mjomba alikitoa. Kilikuwa kimefungwa na nyasi za kijani kama kifukofuko. Afande alicheka mpaka akashika gari lake. "Shemeji, unanuka!" Akairusha kamba kando na kuuliza chakula kinaiva lini.

Labda mnangoja niseme mjomba aliomba radhi. Alisema, "Haya, imepatikana, mambo imekwisha. Kalisto, leta maji." Na Kalisto, ambaye sasa alishusha mikono, akaleta birika akammwagia. Mjomba alisuuza kisu kwenye lile karai tuliloogeshea utumbo, akakipangusa kwa pindo safi la kanzu, tak, akaenda kuwakatia wazee kidari. Wakala. Wale wale waliofunga midomo mtu alipofungwa kamba, sasa midomo yao ilifunguka vizuri sana. Afande alipewa sahani ya kwanza. Nililetewa kipande cha ini, nikakitazama, nikaenda nyuma ya jiko la mawe nikabaki huko na nzi.

Kalisto na mkewe walihama Oli muda si mrefu baadaye, bila kuaga. Mjomba alishonewa ala ya ngozi, mikanda miwili, akavaa kisu mkono wa kushoto juu ya kiwiko, na akawaeleza wageni kwamba ndivyo wanaume wa ukoo wake walivyofanya siku zote. Hakikupotea tena.

Kwa miaka mingi niliamini kwamba siku ile Kalisto aliringa, na nilimwonea aibu kidogo, kama unavyomwonea aibu mtu unayempenda. Nilikuja kuwa mtu wa njiani, leo Bunia, kesho Juba, na siku moja gari letu lilisimamishwa kwenye kizuizi na askari waliosema kuna bunduki ndani ya mizigo. Mzigo waliouonyesha ulikuwa wangu. Wakaniambia niufungue. Nilikuwa nimeshainama nilipomsikia dereva wetu, mzee mkimya ambaye safari nzima hakuwa ameongea, akininong'oneza kwa ukali: "Usiguse! Waache wafungue wenyewe. Wakikuta kitu ndani ya mkono yako, ni wewe uliweka. Weka mikono mahali kila mtu anaona."

Nikaiweka kichwani. Walipekua vitenge vyangu kimoja kimoja, wakivikanyaga, na mabega yalianza kuniuma, jasho likaingia machoni nisithubutu kulifuta. Na hapo, barabarani, mbele ya abiria wote waliotazama pembeni, nikasikia tena sauti zetu sisi watoto tukimcheka mtu kwamba anaogopa mavi ya mbuzi.