Pampu ya Kahawa na Mashine Zilizovaa Magunia

Watu wa kwetu huku juu hawaamini kwamba baridi inaweza kuuzwa. Ukiwaambia unatengeneza AC, wanakuangalia kama mtu anayechuuza umande. Lakini shuka Embu mjini mwezi wa Januari, au teremka zaidi mpaka Mbeere, ndipo utajua. Jua linakaa juu ya mabati kana kwamba limelipa kodi. Wenye benki, wenye maduka ya dawa, wenye hospitali, wote wanalia. Na anayetaka kula Januari lazima ashike kazi Desemba, kabla mtu hajatokwa jasho.

Hayo alinifundisha mume wangu. Shule niliachia darasa la saba. Mwanzo nilikuwa namshikia ngazi na kumpa spana, mpaka ikafika siku yeye ndiye akawa ananishikia ngazi mimi.

Alipofariki, udongo wa kaburi ukiwa bado mbichi, mashemeji zangu wawili walikuja dukani kwetu Makutano na pikapu. Sitawafichia. Ni wao, ndugu zake wa tumbo moja: mkubwa, anayesoma Biblia mbele kanisani, na mdogo, anayemfuata nyuma akimbebea koti. Walichukua mashine ya kunyonya hewa, geji ya kupimia gesi, mitungi ya gesi, ngazi ndefu, hata simu ya kazi yenye namba za wateja wote.

Mkubwa akaniambia, "Shemeji, wewe ni mama. Hii vyuma itakuumiza mgongo."

Huruma ya namna hiyo, Mungu aninyime. Baadaye wakafungua duka ng'ambo ya barabara, kibao rangi ileile ya kibao chetu.

Nilibaki na mteja mmoja, meneja wa hospitali ya kujifungulia kule Embu, kwa sababu alikuwa na namba yangu mwenyewe. Nilikuwa namletea ndizi. Desemba ilipofika akanipigia.

"Mashemeji wako pia wamenipigia," akasema. "Kujeni nyote Ijumaa. Wewe utafanya wodi za akina mama, wao wafanye chumba cha upasuaji. Saa sita tunawasha. Mwenye kazi nzuri atanitunzia mashine mwaka mzima."

Ilikuwa hivyo tu. Nikikosa hospitali hiyo, nafunga duka.

Sasa, AC huoshwa kwa maji yenye nguvu kidogo, si ya kumwaga na si ya kupiga kama ya kuosha lori, maana vibati vyake ni vyembamba na hupinda. Pampu yetu ya kuoshea ilikuwa imeenda na pikapu. Nikamkumbuka mama mkwe wangu, mtu wa kahawa, na ile pampu yake ya mgongoni ya kunyunyizia dawa, anayoitunza kuliko macho yake.

"Mama, niazime pampu yako."

"Ya nini? Wewe uko na kahawa?"

"Ya kuosha mashine Embu."

"Hiyo pampu haijawahi kutoka bila mimi. Ikienda, naenda."

"Mama, wanao watakuwa huko."

"Vizuri sana. Nitawasalimia."

Ijumaa tulishuka naye, pampu ameipakata kama mjukuu.

Lazima niwaeleze jambo la huku. Julai baridi ya mlima ikishuka, watu huzima AC, halafu mlinzi huchukua gunia na kuvisha ile mashine ya nje, anaifunga na kamba ya katani, vile tunavyofunika ndama akizaliwa usiku wa manyunyu. Hakuna ubaya. Ni kuionea huruma. Shida ni Januari, ikiwashwa na gunia lake mwilini. Inakosa pumzi, inachemka, inakufa. Kwa hiyo mume wangu kabla ya kugusa chochote alikuwa anasema, "Vua kwanza." Nami asubuhi ile nilivua zote za upande wangu.

Kisha nikajaza maji, nikabeba pampu mgongoni, nikafinya. Yakatoka maji ya buluu. Buluu kabisa, ya kopa, ile dawa ya kahawa, yakachuruzika kwenye ukuta mweupe wa hospitali.

"Mama!"

"Niliosha! Niliosha na sabuni!"

"Na mpira wa kupitisha maji? Uliosha ndani ya mpira?"

Akauinua mpira, akautazama. "Mpira ni nani huosha?"

Mashemeji walitoka nje kutazama. Mkubwa akaita, "Shemeji, hiyo ukuta imeshikwa na kutu ya majani kama kahawa?" Mdogo akacheka mpaka akashika goti. Mlinzi naye akacheka. Hata mimi nilicheka. Meneja akaja kuona kelele ni ya nini.

Mama mkwe akamwambia, "Usijali, mwanangu. Hii ukuta haitapata ugonjwa mpaka mwaka ujao."

Meneja hakucheka. "Saa sita," akasema, akarudi ndani.

Kopa hula vile vibati. Tukachota ndoo kwa ndoo, tukasuuza mashine na mpira mpaka maji yakatoka meupe. Ukuta tuliusugua kwa sabuni na brashi, lakini alama ilikataa kutoka.

Saa sita mashine zikawashwa. Wodi zangu zilipoa vizuri. Mama mmoja aliyejifungua akaomba blanketi ya pili ya mtoto. Kwa mashemeji pia kulianza vizuri. Halafu hewa ikawa vuguvugu, halafu moto, halafu kukaja harufu. Mkubwa alikuwa anabonyeza rimoti kama anayetafuta stesheni ya redio.

Mama mkwe alikuwa uani. Akainua macho kwenye paa.

"Nyinyi! Mbona ile ya juu imevaa?"

"Imevaa nini, Mama?"

"Gunia! Mmewasha mtu na koti lake la Julai!"

Nilikimbia nikazima swichi kubwa. Ngazi ilikuwa bado juu ya pikapu, kamba hazijafunguliwa. Walikuwa wameosha kinachoonekana chumbani, paani hawakupanda. Nilifungua kamba, nikapanda kwa ngazi ya mume wangu, nikavua lile gunia. Lilikuwa limeanza kutoa moshi. Mashine ilipona.

Niliposhuka, meneja alikuwa amesimama na mama mkwe. "Shosho," akamwambia, "wewe na huyu mtarudi lini?"

"Baada ya Krismasi," akajibu, kama ndiye mwenye duka. Kisha akawageukia wanawe. "Hiyo ngazi haipandi pikapu tena. Mbebeeni mpaka steji ya matatu."

Wakaibeba. Mmoja mbele, mmoja nyuma, na viatu vyao vya kanisani, kupita katikati ya Embu, mama yao akiwafuata na pampu mgongoni akiwaambia wainue juu.

Hospitali ninayo mpaka leo. Mashine ya kunyonya hewa na geji, mashemeji zangu, mnazo nyinyi, wala sijasahau. Ukuta haujapakwa rangi. Meneja anasema ile buluu inamchekesha. Na kila Desemba, kabla hata ya kunisalimia, mama mkwe ananiuliza kama nimeosha mpira.