Nimesafisha gati letu, nikamharibia Mama Achan

Banange, rafiki zangu, leo asubuhi nilisafisha gati letu pale Ggaba, kando ya ziwa. Msinipongeze.

Gugumaji lilikuwa limeng'ang'ania yale matairi tuliyotundika ili boti zisigonge. Nikalikatakata kwa panga, nikalisukuma ziwani. Kulibeba hadi nchi kavu? Niliona uvivu, jamani.

Gati likapendeza. Nikaweka picha hapa, mkailaiki wote.

Mchana upepo ukageuka.

Gugu lote likaenda kujazana kwa jirani yetu Mama Achan, mjane wa mwanajeshi. Boti yake ya samaki ikanasa humo, na jua lile! Tulipofanikiwa kuitoa, samaki walikuwa wameshaoza.

Nilitamani anitukane. Akaniangalia tu, akasema, "Kwenu kumependeza, mwanangu."

Naombeni mtoe zile laiki zenu.