Ndafu Yangu Ilikuwa Jikoni

Ipo siku moja naikumbuka, mwanangu, na kila nikiikumbuka nacheka peke yangu. Nimekaa jikoni kwenye harusi ya dada yangu, gauni la zambarau nimelikunja magotini, vidole vina mafuta, na huko nje mshereheshaji ananiita kwenye kipaza sauti mpaka sauti inamkauka. Sogea nikuhadithie, maana nimekuona wiki hii unavyozungusha chakula kwenye sahani. Sikugombezi. Mchezo huo niliucheza kabla yako.

Zilikuwa zile enzi za ruksa, biashara zimefunguliwa, mitumba imejaa kila mahali, nami nilikuwa na meza yangu ya suruali za jinzi mjini Arusha. Nikipungua mwili kidogo, wateja wananisifia. Basi nikaendelea kupungua, mpaka siku nilipotaka kuacha nikakuta siwezi tena. Nikila kidogo najiona nimekosa, nikila zaidi najificha nikatapike. Nywele zilikatika, siku zangu za mwezi zikakoma, jua likiwaka kidogo naona giza. Nyumbani wengine walisema ni vidonda vya tumbo, wengine minyoo, na mjomba mmoja akauliza kwa sauti ya chini mimba ni ya nani. Maskini mjomba!

Na harusi ya dada Ndeshi ilikuwa inakaribia, mimi ndiye msimamizi wake. Unajua kwetu ndafu ikiletwa, yule mbuzi mzima wa kuchomwa, bibi harusi anakata vipande na kuwalisha watu wake mbele ya ukumbi mzima. Msimamizi halikwepi hilo. Kipande kile ndicho kilichokuwa kinanitisha kuliko hata kifo, nacho kifo hakikuwa mbali.

Nilikwenda kwa daktari mmoja wa zahanati ya kulipia. Akanipa vitamini, akaniambia niache maringo, wenzangu wanalala na njaa. Nilirudi nikiwa na aibu zaidi, wala sikula. Mama naye akasema tutafute mtu wetu, mtu wa ukoo na wa usharika mmoja, atakayetuelewa. Hapo ndipo sisi watu wa mlimani tunapokosea, tunadhani wa kwetu ndiye bora kwa kila kitu. Tukampata mama mmoja mshauri, mpole sana. Nilimweleza yote, na Jumapili iliyofuata shangazi zangu wakawa wananisubiri mlangoni mwa kanisa, kila mmoja na chupa ya mtori, ule uji wa ndizi na nyama.

Nikapanda Nkoaranga kwa bibi yangu, nikamwambia sitafuti tena, hawa washauri wote ni wale wale. Bibi alikuwa anachuma kahawa, hakuacha.

"Kwenye meza yako," akaniuliza, "mteja akijaribu suruali ikambana, anarudi nyumbani uchi?"

"Hapana, Bibi. Anajaribu nyingine."

"Na wewe huwa unamfukuza?"

"Simfukuzi."

"Basi usijifukuze mwenyewe. Teremka mjini ukatafute nyingine. Na harusi ikifika nataka kukuona umesimama, si kukuzika." Ndipo akageuka kunitazama, nikaona macho yake yamejaa machozi. Sikuwa nimewahi kumwona akilia.

Muuguzi mmoja alinielekeza kwa Mama Zaituni, mnasihi wa hospitali moja ya mjini. Si wa ukoo wetu, si wa kanisa letu, na Kimeru hajui hata salamu. Nilimwamkia, akaitikia marahaba, kisha akanishangaza. "Kabla sijakuuliza lolote, niulize wewe. Hunijui."

Nikamwuliza kama atamwambia mama yangu. Akasema nikiwa katika hatari ya kufa atasema, ila mimi nitajua kwanza, na mengine yote yatabaki pale ndani. Nikamwuliza kama amewahi kumsaidia mwingine mwenye ugonjwa kama wangu. "Nimewasaidia. Wengine wamepona, sasa wanagombana na waume zao kama watu wote." Nilicheka, mwanangu! Nilikuwa nimesahau jinsi ninavyocheka.

Kazi haikuwa nyepesi, wala kupona hakukuja kwa mara moja. Alinipeleka kwa daktari aliyepima damu na moyo, wakashirikiana. Nilipoteleza hakunisuta. Nilipomwambia naogopa ndafu hakucheka, aliuliza tu ni nani kule ukumbini ninayemwamini. Nikasema Ndeshi. Akasema, mwambie. Nikamwambia dada yangu kila kitu, tukalia sote, naye akaahidi kitu.

Siku ya harusi ndafu ikaingia, ngoma juu, vigelegele. Ndeshi akamlisha mume, akawalisha wakwe na wazazi. Mshereheshaji akapaza sauti, "Msimamizi! Msimamizi asogee!" Ndeshi akachukua kipaza sauti kutoka mkononi mwake na kusema, "Huyu ndafu yake iko jikoni." Watu wakacheka, nami nikatoka zangu nyuma, kwenye masufuria. Bibi alikuwa amekaa kwenye kigoda na bakuli magotini. Nikala taratibu, nikala tena, na sikwenda kujificha. Mshereheshaji akaanza kuniita upya. "Mwache apige kelele," alisema Bibi, "hapa watu wanakula."

Basi sikia, mwanangu. Huu ni ugonjwa, si maringo, na una tiba. Tafuta mnasihi anayeujua, anayefanya kazi pamoja na daktari, anayetunza siri na asiyekutia aibu. Mwulize maswali, hatakasirika aliye mzuri. Asipokufaa, shukuru, ondoka, mtafute mwingine, lakini usikate tamaa kabla ya kumpata. Kesho, ukitaka, tutateremka wote mjini. Mimi nitakaa nje kwenye benchi, sitauliza mlichozungumza.

Mungu akupe mwili wenye nguvu na moyo mwepesi. Akukutanishe na mnasihi wako kama alivyonikutanisha na wangu, na siku ya harusi yako mimi nitakuwa jikoni, nimekuwekea bakuli lako.