Niliziacha picha wazi, Mama Neema akakatwa mkono

Admin, usiweke jina langu wala la ofisi, maana nikijulikana leo sina uhakika wa kesho. Majina ya wengine nimeyabadilisha. Mimi ni mwanaume wa miaka 29, mzaliwa wa Ujiji. Babu mzaa baba alivuka ziwa kutoka Kongo, mama yangu ni Muha wa Simbo. Sijaoa. Nimesomea kompyuta, na kazi yangu ya kwanza ya maana niliipata kwenye ofisi moja iliyo ndani ya kambi ya wakimbizi mkoani kwetu, kipindi hiki ambacho watu bado wanavuka ziwa usiku na mchana.

Nilipewa kazi ya kutengeneza tovuti ya kuwasaidia watu waliopotezana na ndugu zao. Kila mkimbizi alipigwa picha akiwa ameshika kibao kifuani chenye jina lake na namba ya mtaa anaoishi kambini. Picha zote ziliingizwa kwenye hifadhidata, na mimi nikatakiwa niandike programu kwa Java ya kuzitoa humo na kuzionyesha kwenye ukurasa, maofisa peke yao wazione. Nilihangaika nazo wiki mbili. Jina linatokea, picha haitokei, panabaki kiboksi kitupu. Bosi akaniambia wageni wanakuja Jumatatu, wakikuta viboksi nitafute kazi nyingine. Nikagundua programu inakwama pale inapouliza kama anayefungua picha ameingia kwa nywila. Nikakifuta kile kipande kinachouliza. Sura za watu zikajaa kwenye skrini, ofisi nzima ikapiga makofi. Sitaki kuwadanganya kwamba nilisahau kukirudisha. Niliogopa picha zisije zikapotea mbele ya wageni, na wageni walipoondoka nilikuwa nimeshanogewa na sifa.

Mama Neema ni mkimbizi aliyekuwa anatupikia chai pale ofisini. Alimkimbia mumewe ng'ambo baada ya kuchomwa naye mgongoni kwa pasi ya mkaa. Siku ya makofi alisimama nyuma yangu, akajiona kwenye skrini na kibao chake, akaniuliza, "Mutoto yangu, ile foto yangu watu yote wanaionaka?" Nikamjibu bila hata kugeuka, "Hapana mama, ni sisi tu wa ofisini." Akanishukuru.

Haikufika miezi miwili. Asubuhi moja, jua limeshatoka, tukasikia mayowe upande wa nyumba zao. Nilipofika nilimkuta mwanaume amemkandamiza tumboni kwa magoti, ana panga. Mkono wa kulia wa Mama Neema ulikuwa umeshakatika kwenye kifundo, na shavu limefunguka hadi meno yanaonekana. Hakulia. Alikuwa anasema tu, "Mawe, mawe," anamwita mama yake kwa lugha ya kwao. Wanaume wakamrukia yule mume, wakamshindilia kwa michi mpaka akalegea. Mmoja akamuuliza, "Nani kakuonyesha anapoishi?" Akatema damu, akacheka, akasema, "Foto yake ndiyo ilinileta." Siku ya pili yake akafa kwa kipigo kile, hakusema neno jingine.

Lakini lile alilolisema lilitosha. Mpiga picha wa kambi ni Salehe, rafiki yangu tangu tukiwa watoto Ujiji. Alikuwa amekuja mbio kusaidia, kamera ikiwa bado shingoni. Watu wakamgeukia. "Ni huyu! Kamuuzia picha!" Wakampiga kwa mawe na vipande vya kuni. Akaniona. Akaniita kwa jina mara mbili, "Waambie! Waambie picha zinakaa wapi!" Nilikuwa hatua kumi tu kutoka kwake. Nikaangalia chini. Polisi walipofika, jicho lake la kushoto halikuwepo tena.

Jioni nikafungua kumbukumbu za mtambo wetu, zinazoandika kila picha inayofunguliwa. Kila picha ina namba mwishoni mwa anwani yake, na yule mume, nimekuja kujua, alikuwa mwalimu wa shule, mtu wa kusoma. Nikamwona pale, siku tatu mfululizo, anabadilisha namba. Moja. Mbili. Tatu. Anapita sura za watu wote wale mpaka elfu nne mia mbili na kumi na sita, picha ya Mama Neema. Hapo akaacha. Kisha nikakirudisha kile kipande, mistari miwili tu, na kumbukumbu nikazifuta.

Salehe sasa yuko ndani, ana kesi ya kutoa picha na kusaidia jaribio la kuua. Kaka zake Mama Neema, nao wako kambini, wameapa akipata dhamana watammalizia getini. Nilishindwa kubeba peke yangu, nikaenda nyumbani nikamweleza mama. Alilia kwanza, halafu akanishika shati, akaniambia, "Mtu asiye na kosa wamemtoa jicho. Wewe mwenye kosa watakuachia nini? Nyamaza, mwanangu. Nyamaza kabisa."

Nikanyamaza. Mpaka Jumanne iliyopita, nilipokwenda kumwona Mama Neema hospitali. Uso umeshonwa, anaongea kwa upande mmoja. Akafurahi kuniona. Akasema mahakama inataka maelezo yake kwa maandishi, naye hawezi kushika kalamu. "Wewe unajuaka kuandika. Niandikie." Nikashindwa kukataa. Akaniambia, "Andika: Salehe aliniuzisha kwa bwana yangu." Nikaandika. Kila alilosema nikaandika, ukurasa mzima, kwa mwandiko wangu mzuri. Mwisho akanipapasa kichwani kwa mkono uliobaki, akaniombea baraka.

Ijumaa ananisubiri nimpelekee wino aweke alama ya dole gumba, barua iende kwa hakimu. Nikisema ukweli, nafungwa, au kaka zake wananiwahi kabla ya polisi. Nikinyamaza, Salehe anakufa kwa mwandiko wangu. Sijalala tangu Jumanne. Nitukaneni kwanza, nimestahili. Mkimaliza kunitukana, tafadhali nishaurini: Ijumaa nifanye nini?